Watoto Watatu wa Egesangio

Bochaberi hajawahi kuwa mtu wa kufanya jambo peke yake. Ukimwona sokoni Ekerenyo, jua Nyangate hayuko mbali, na Mokeira yuko mahali akibishana na muuza dagaa wa omena mpaka muuza omena ajute kuamka. Wanawake hao watatu waliolewa kwenye mteremko mmoja katika mwaka mmoja, wakazaa karibu kwa pamoja, na kwa miaka kumi na minane wamekuwa na egesangio yao, yaani kikundi cha kulimiana na kuchumiana chai kwa zamu: leo kwako, kesho kwangu, keshokutwa kwake. Vikundi vingine huanza na watu kumi na kuishia kwenye matusi. Chao kilianza na watatu kikabaki na watatu, na wanaringa nacho hata kanisani.

Kazi yenyewe ina utaratibu. Kila mtu huchukua mstari wake wa chai, na anayefika mwisho kwanza haendi kukaa kivulini. Huingia mstari wa aliyebaki nyuma kutoka upande wa pili, wakachuma wakielekeana hadi wakutane. Anayebaki nyuma kila mara ni Bochaberi. Mikono yake ni mizito, na wenzake wamemtania kwa hilo miaka yote bila yeye kununa.

Mumewe Abner alipougua, akalazwa Kisii wiki kumi na moja, ni hao wenzake wawili waliochuma chai yake, wakaipeleka kituoni, wakakamua ng'ombe wake na kumfulia binti yake Gesare sare za shule. Abner hakurudi akiwa hai. Baada ya mazishi, jamaa walipokwisha kutawanyika, Nyangate na Mokeira walikuja asubuhi na vikapu vyao bila kuitwa. Hapo Bochaberi akajiambia kwamba ameshajua dunia inavyokwenda: mtu aliye na wenzake haachwi. Ukitaka kumlaumu kwa yaliyokuja baadaye, na wako wanaomlaumu, anzia hapo.

Gesare alikuwa mtoto wake wa pekee. Alisoma shule moja ya kutwa na Purity wa Nyangate na Duke wa Mokeira, na matokeo ya kidato cha nne yalipotoka mwezi wa Januari, wote watatu walikuwa na B+. Habari iliwakuta mama zao shambani kwa Nyangate. Mokeira alifungua karatasi ya nailoni aliyojifunga kiunoni, akaipeperusha juu, akacheza katikati ya chai mpaka jirani akaja mbio kuuliza nani amekufa.

Walipokaa kwenye nyasi kula ndizi za kuchemsha, Bochaberi akatoa wazo. Watoto wasomee uuguzi. Wote. Waandike kozi ileile, vyuo vilevile, kwa mpangilio uleule, ili waende pamoja. Wasichana watapanga chumba kimoja, Duke atapanga cha jirani, ndizi zitatumwa kwa gunia moja, na mmoja akiugua wawili watamuuguza. "Na watajua namna ya kumuuguza, si ndiyo kazi yao," Mokeira akasema, na Nyangate akacheka hadi akapaliwa. Walikubali papo hapo. Kwao halikuwa wazo geni hata kidogo, maana ndivyo walivyofanya kila kitu tangu wawe mabibi arusi. Wakamaliza ndizi, wakarudi kazini.

Ambaye hakuulizwa ni Gesare.

Gesare alitaka kupima ardhi. Alipokuwa darasa la saba, ndugu wawili wa hapo jirani, Osoro na Angwenyi, waligombania kipande cha mpaka ambacho upana wake hauzidi hatua tatu, wakafika mahali pa kutoleana mapanga. Akaletwa mpimaji kutoka mjini Nyamira, naye alikuwa mwanamke, mfupi, amevaa buti za mpira. Alisimamisha mtambo wake wa miguu mitatu, akamwomba Gesare amshikie fimbo ya kupimia, akasoma tarakimu, akaonyesha kwa kidole: mpaka ni hapa. Wanaume wale wakatazamana, wakaweka mapanga chini. Gesare alirudi nyumbani ana matope hadi magotini, na wiki nzima hakuzungumza jambo jingine. Alama zake za hisabati zilianza kupanda muhula uleule.

"Kupima mashamba ya watu wanaogombana?" mama yake alimwambia, wote wawili wakimenya ndizi. "Siku moja watakukata wewe. Na huko utaenda na nani? Wenzako waende kwao, wewe uende kwako, halafu ukiugua nani atajua?"

"Mama, si ni chuo? Kuna watu wengi."

"Watu wengi si wenzako."

Gesare akanyamaza, akaendelea kumenya. Alikuwa na tabia ya kunyamaza kama baba yake, kimya kisicho na kisirani ndani yake, na mama yake akakichukua kimya kile kuwa ni ndiyo. Ni kosa ambalo wazazi wengi wamelifanya, na wengine wanalifanya saa hii.

Mwezi wa Machi walikwenda wote sita kwa Nyasani, kijana mwenye saiba ya kompyuta nne karibu na stendi ya boda boda pale Ekerenyo. Nyasani amewajazia watoto wa eneo lile maombi ya vyuo kwa miaka mingi, na anajua mambo ambayo hata walimu huenda kumuuliza. Alimaliza ya Purity, akamaliza ya Duke. Akafungua ya Gesare, akaiangalia, akavuta kiti nyuma.

"Mama Gesare, hii haifanani na zile mbili."

"Kwa nini? Si zote ni B+?"

"B+ ni ya jumla. Hawa wa vyuo wanahesabu masomo manne tu, yale ya kozi yenyewe. Kwa uuguzi wanataka sana baiolojia na kemia. Gesare ana A- ya hisabati na A- ya fizikia, lakini baiolojia amepata B-. Purity na Duke wako juu hapo. Huyu anaweza kukosa kwa pointi kidogo tu."

"Kidogo ni ngapi?"

"Hakuna anayejua mpaka watu wote waombe, ndiyo shida. Ndiyo maana nakwambia, weka uuguzi mara mbili, halafu hizi nafasi zingine uweke kitu cha kumshika akiteleza. Na kwa hesabu hizi, Mama, huyu angeingia upimaji ardhi bila jasho."

Gesare aliinua macho. Bochaberi aliyaona, akajitia hamnazo. Sehemu hiyo ndiyo anayoirudia kichwani mpaka leo: kwamba aliyaona macho ya mtoto wake, hakuna wa kumsingizia, na bado akamwambia Nyasani mbele ya wote, "Weka kama za wenzake. Zote nne."

Nyasani akaweka.

Kuanzia hapo ikawa ni kungoja, na Bochaberi hajui kungoja. Alianza kuweka vitu kando kwenye pembe ya chumba: blanketi, sufuria yenye mfuniko, mwiko. Kila simu ya Gesare ilipolia alikuwa amekwisha kusimama. Jumatatu mtu alisema majina yametoka, Jumanne mwingine aliapa kwamba mtandao umeanguka na wanahesabu upya kwa mkono, na Sabato mzee wa kanisa alitangaza kwamba ana shemeji Nairobi na shemeji amesema bado. Uvumi wote ulipitia shambani kwa wale wanawake watatu na kutoka ukiwa umenenepa. Lakini Bochaberi hakuwa na wasiwasi wa kweli. Alikuwa na wasiwasi wa mtu anayengoja mgeni ambaye ameshatoka kwao na yuko njiani.

Ujumbe ulikuja Mei, siku ya kuchuma kwa Mokeira. Duke alishuka mteremko mbio akiwa na simu juu, na nyuma yake Purity, viatu mkononi. Wamechukuliwa. Chuo kimoja, kozi moja, kama ilivyopangwa. Mokeira alipiga vigelegele, Nyangate akapiga magoti palepale kwenye majani akashukuru. Bochaberi alipiga vigelegele pia, tena kwa sauti kubwa kuliko wote, huku akiangalia njia ile ya juu amwone wa tatu akishuka.

Gesare alishuka akitembea. Alipofika akampa mama yake simu asome mwenyewe. Hakupata nafasi katika kozi yoyote aliyoiomba. Anashauriwa kuomba tena miongoni mwa kozi zilizobaki.

Vigelegele vilikatika. Hakuna aliyejua aweke wapi mikono yake. Purity alianza kulia, na Gesare ndiye aliyemshika bega akamwambia anyamaze.

Kesho yake mama na binti walirudi kwa Nyasani, safari hii wawili tu. Gesare alisimama nyuma ya kiti kwa muda, akaangalia orodha ya kozi zilizobaki ikipita kwenye kioo, halafu akasema anatoka kupata hewa. Nyasani alimfuata kwa macho hadi mlangoni. Akamgeukia Bochaberi, akamtazama kwa namna ambayo mama huyo hakuielewa siku ile.

"Alikosa kwa chini ya pointi moja, Mama."

"Na ile ingine? Ya kupima ardhi?"

Nyasani akasitasita. "Imejaa. Vyuo vyote."

"Sikuulizi kama imejaa. Nakuuliza kama angeingia."

"Wa mwisho kuingia alikuwa pointi tatu chini ya Gesare."

Bochaberi alishika ukingo wa meza. Alisikia boda boda zikiwashwa nje na mtu akiita abiria wa Nyamira, mambo ya kila siku, na akashangaa kwamba bado yanaendelea. "Usimwambie," akasema. Nyasani akaitikia kwa kichwa.

Gesare aliporudi ndani macho yake yalikuwa makavu. Alijichagulia mwenyewe, bila kumtazama mama yake: usimamizi wa nyanda za malisho, katika chuo cha mbali huko kwenye nchi kame. Bochaberi hajawahi kuona malisho yasiyo na mwisho. Kwao ng'ombe ni mmoja, amefungwa kamba kando ya nyumba, analetewa majani kwa mkono. Lakini jina la Gesare likatoka mwishoni mwa Juni, mahali pale, katika kozi ile, na watu wakaja kumpongeza kama watu wanavyopongeza wanapokuwa hawana uhakika.

Kukabaki tumaini moja. Kuna muda wa kuomba uhamisho, mtu akitaka kubadilishiwa chuo au kozi, na Gesare aliomba kuhamia upimaji ardhi, maana pointi zake zilitosha na kubaki. Julai nzima Bochaberi alifunga kila Jumatano, hakutia kitu kinywani hadi jioni. Aliahidi Mungu mambo mengi, mengine ambayo hata Mungu angemwonea huruma kwa kuyaahidi. Jibu lilikuja Agosti, sentensi moja: pointi zinatosha, nafasi zimejaa.

Egesangio haikusimama. Kwa kuitazama kwa mbali ungesema ni ileile. Lakini Nyangate na Mokeira walikuwa wameacha kuwataja watoto. Bochaberi alipokaribia, mazungumzo ya magodoro na masanduku yaligeuka ghafla kuwa ya mvua, na Mokeira, yule asiyejua kunong'ona, alikuwa ananong'ona. Walimficha furaha yao kama watu wanavyomficha mgonjwa chakula asichoruhusiwa, na huko kufichwa kulimuuma kuliko kama wangeimba. Kuna asubuhi alimwona Purity akipita na begi jipya, akasikia ndani yake wivu mchafu, wa kumtakia mtoto wa mwenzake aanguke. Alisimama palepale akiuogopa moyo wake mwenyewe. Huyo ni Purity, ambaye yeye mwenyewe alimnyonyesha siku Nyangate alipolazwa na homa.

Siku moja Nyangate aliingia mstari wake kutoka upande wa pili kama kawaida, wakachuma wakielekeana, na walipokutana, badala ya kutia utani, Nyangate akabubujikwa na machozi.

"Tungejua, Bochaberi, tusingekubali. Haki ya Mungu, ningemwambia Purity aandike kitu kingine."

"Mimi ndiye niliyesema. Si ninyi."

"Lakini tulikuwa watatu."

"Mimi ndiye niliyesema," Bochaberi akarudia, na lile la kuwa watatu akalipita, akaendelea kuchuma. Alikuwa ameshawaza sana juu ya jambo hilo. Katika chai, uliyemwacha nyuma unaweza kumrudia. Wale watoto wawili walikuwa wamefika mwisho wao, na hata wangetaka kwa moyo wao wote, hawakuwa na mahali pa kuingilia wamsaidie Gesare. Alichukua desturi nzuri akaipeleka mahali ambapo haifanyi kazi. Hakuna aliyemdanganya, na alionywa kwa Kiswahili anachokielewa.

Purity na Duke waliondoka Alhamisi. Gesare aliwabebea begi moja hadi barabarani, akapunga mkono hadi gari lilipokata kona, akarudi akala chakula chake chote. Safari yake mwenyewe ilikuwa Jumatatu. Jumapili mchana alileta kitana na mafuta, akakaa kwenye mkeka uani, katikati ya magoti ya mama yake, asukwe nywele.

Bochaberi alisuka upande wa kulia wote bila neno. Alikuwa amejiapiza kwamba mtoto hataondoka bila kuambiwa, na sasa ulimi ulikuwa mzito kushinda mikono. Ilimsaidia kwamba hakuuona uso wa binti yake.

"Gesare."

"Mama."

"Kuna jambo Nyasani aliniambia siku ile ulipotoka nje. Nikamwambia akufiche. Ile ya kupima ardhi ungeingia. Ungeingia na pointi tatu zikabaki. Ni mimi niliyekuzuia, mwanangu. Watu wanasema ni bahati mbaya, wanasema ni mapenzi ya Mungu. Si Mungu. Ni mimi."

"Ninajua, Mama. Niliangalia kwenye simu siku ileile."

"Miezi yote hii unajua?"

"Ee."

"Na hukuniambia hata neno moja baya? Ungenifokea, Gesare. Ningejua mahali pa kusimama."

Gesare alikuwa anachezea uzi uliotoka kwenye mkeka. Aliusokota, akausokotoa, akausokota tena.

"Si wewe peke yako," akasema. "Kabla hawajafunga maombi kulikuwa na siku za kubadilisha. Nilirudi kwa Nyasani bila kukuambia. Nikaweka upimaji ardhi mbele, uuguzi nyuma."

Mikono ya Bochaberi ilisimama.

"Nilitoka pale na furaha, Mama, nilitembea hadi nyumbani sikupanda boda. Nilikuwa nimepanga maneno ya kukuambia. Nikafika hapo kwenye migomba, nikasikia mtu anacheka jikoni. Sikujua ni nani. Nilifikiri tumepata mgeni. Kumbe ni wewe. Mlikuwa na Mama Purity na Mama Duke, mnapangia sisi nani atapika siku gani huko chuoni, na Mama Duke akasema Duke atawalisha watu ugali mbichi mpaka wafukuzwe, na wewe ukacheka. Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Tangu baba azikwe sikuwa nimekusikia ukicheka. Nilikuwa nimesahau inavyokuwa."

"Gesare."

"Nikageuka palepale. Nikarudi Ekerenyo, nikamwambia Nyasani aweke kama za wenzangu. Alikataa kwanza, tukabishana. Nilimwapisha asikuambie."

Kuku walikuwa wakichakura kando ya jiko. Mtu aliita ng'ombe wake bondeni. Bochaberi alikuwa amekuja na kosa lake mkononi, tayari kulikabidhi, na sasa hakujua alipeleke wapi. Angeomba msamaha wa nini? Wa kucheka? Machozi yalimtoka bila sauti, yakadondoka kwenye njia aliyoigawa katikati ya kichwa cha binti yake, na Gesare akayasikia yakimlowesha, lakini hakugeuka. Aliinua mkono nyuma, akampapasa mama yake goti.

"Maliza, Mama," akasema. "Huu upande bado, na gari ni la asubuhi."

Bochaberi akajifuta macho kwa kiwiko, akachukua kitana, akaendelea kusuka.